Shangazi Kipa Anajibu: Majina Kumi na Nane

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu vikosi vya Kombe la Dunia la magongo la wanawake, nikadhani itapita kama upepo. Kumbe! Barua zimejaa bahasha mbili. Nimezisomea City Park, Parklands, Jumamosi asubuhi, nimekaa kwenye ngazi za jukwaa na chupa ya chai, wasichana wangu wa chini ya miaka 16 bado hawajafika. Barua moja nusura iende na tumbili, kwa kuwa niliifunikia mandazi. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa kipa wa pili wa klabu kwa miaka sita. Wa pili, sikusema wa kwanza. Mengi ninayoyajua kuhusu kikosi niliyajulia benchi.

*Shangazi Kipa, salamu. Binti yangu wa kidato cha pili alichapisha saiba orodha za vikosi vya Kombe la Dunia la London 2018 akazibandika ukutani, maana anawahusudu Ayalandi. Kila timu ina majina 18. Baadaye akaleta vya Olimpiki ya Rio 2016, navyo vina 16. Uwanjani wanacheza 11. Mimi ni mtu wa kandanda na hesabu hii hainiingii. — Baba, Ngara*

Baba, anza kwa kuisahau kandanda. Kwenye magongo mabadiliko hayana idadi wala hayaombewi ruhusa. Mmoja anatoka karibu na mstari wa kati, mwenziwe anaingia, saa inaendelea, refa hageuki hata kutazama. Aliyetoka anakunywa maji, anapumua dakika tatu nne, anarudi. Ni wanawake wawili kwenye kinu kimoja: mchi haupumziki, mikono ndiyo inayopokezana. Mlango unafungwa wakati mmoja tu, inapotolewa penalti kona, ile adhabu ambayo mpira husukumwa kutoka mstari wa goli ili wenzake wapige, na wanaojilinda wakiwa wachache. Hapo habadilishwi mtu hadi kona iishe, labda kipa wa wanaojilinda awe ameumia.

Sasa chukua kalamu. Mechi ni robo nne za dakika 15, yaani dakika 60. Mtoe kipa, wabaki wachezaji 10 wa ndani, na hizo ni dakika 600 za kugawana. Kikosi cha 18 chenye makipa wawili kina wachezaji 16 wa ndani, kwa hiyo kila mmoja anapata wastani wa dakika 37 na nusu. Kikosi cha Olimpiki cha 16 chenye kipa mmoja kina 15, dakika 40 kila mmoja. Kocha akitaka makipa wawili Olimpiki anabaki na 14, na kila mmoja anakimbia karibu dakika 43. Anayefika fainali ya Olimpiki hucheza mechi nane. Zidisha tofauti hiyo mara nane, utaona kipa wa ziada amemwongezea kila mwenzake karibu dakika 23 za kukimbia kwa kasi, jua likiwaka. Ndiyo maana timu nyingi huingia Olimpiki na kipa mmoja kwenye orodha, na wa pili anasafiri kama mchezaji wa akiba, akiomba mwenzake asiumie. Au akiomba aumie kidogo. Sisi makipa wa pili tunajuana.

Kwa nini Olimpiki inabana? Michezo ni mingi na vitanda vya kijiji vina hesabu, basi kila mchezo hupewa idadi yake ya wanariadha. Tokyo, iliyosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, walilegeza kidogo: wachezaji wa akiba waliingizwa kikosini, na kocha akawa anataja 16 wake kabla ya kila mechi.

Na huyo binti ana jicho. Ayalandi walifika London wakiwa wa 16 kwa viwango vya dunia, wengi wao watu wa kazi zao na masomo yao, wakaenda hadi fainali. Uholanzi wakawafunga 6-0, nao wakapokea medali za fedha wakiruka kama waliofunga hayo sita. Mwambie asome safu ya klabu kwenye karatasi za ukutani. Kwa Uholanzi majina yanajirudia, Den Bosch, Amsterdam, Den Bosch tena. Hao wamekutana uwanjani kila wikendi tangu utotoni.

*Shangazi, nacheza beki shuleni. Kocha anataka niwe kipa wa pili kwa sababu eti sina mbio. Kipa wa pili hufanya nini hasa? Kwenye Kombe la Dunia wanabeba makipa wawili, mmoja anacheza, mwingine anashika chupa za maji. Mimi naona ni kupoteza nafasi. — Mwanafunzi, Eastleigh*

Mwanangu, hapa umenigusa penyewe, kwa hiyo vumilia urefu.

Kwanza kocha wako amekosea sababu. Kipa hahitaji mbio za mita mia, anahitaji hatua mbili za kwanza. Ukiwa na hatua mbili na sauti, umeshaajiriwa. Sauti ndiyo nusu ya kazi, kwa kuwa wewe peke yako unauona uwanja wote, na mabeki wamekupa mgongo. Mimi jirani zetu wa South B walidhani naamka na mapepo, kumbe nafanya mazoezi ya kuita “kushoto! kushoto!” bafuni.

Pili, kazi. Asubuhi ya mechi, kipa wa kwanza hupashwa mwili, na anayempasha ni wa pili: kumrushia mipira ya chini, ya juu, ya kugonga mguu na kurudi. Mpira wa magongo una uzito wa gramu 156 hadi 163, mgumu kama embe bichi, na ukipigwa vibaya kabla ya mechi unaweza kumharibia mwenzako siku. Wa pili lazima ajue kupiga vizuri. Baadaye unakaa benchi na daftari. Unaandika nani wao anapiga kona, anaupeleka upande gani, anaangalia wapi kabla ya kupiga. Msichana mmoja wa timu pinzani tuliyekutana naye kila msimu alikuwa akivuta soksi ya kulia kila akitaka kupiga kushoto kwangu. Nililiona hilo nikiwa nimekaa. Kipa wetu wa kwanza hakuliona kwa misimu miwili, na alikuwa bora kuliko mimi mara tatu.

Daftari si mchezo. Fainali ya Rio 2016, Uingereza na Uholanzi walimaliza 3-3. Ikaja mikwaju ya magongo, ambayo si ya kusimama na kupiga kama penalti ya kandanda: mshambuliaji anaanzia mstari wa mita 23 na mpira wake, ana sekunde nane, wewe unatoka golini kumkabili. Kipa Maddie Hinch alikuwa na kijitabu cha maelezo ya wapigaji, akakitazama kati ya mkwaju na mkwaju. Waholanzi wanne walikuja, wote wanne hawakufunga. Dhahabu.

Na mikwajuni hapo kocha anaweza kumsimamisha golini hata yule aliyekaa benchi saa nzima. Kwa hiyo vaa pedi hata kama hutazamii. Najua ninachosema. Tulikuwa Mombasa, nusu fainali ya mashindano ya klabu, uwanja wa nyasi, joto la kukausha papa. Kipa wetu alitegua kifundo akipashwa mwili. Nani alikuwa akimpasha? Mimi. Mpira wangu, mguu wake. Hadi leo kuna watu wanaonitazama kwa jicho la pembeni kwenye harusi. Buckle ya pedi yangu ya kushoto ilikuwa imekatika toka Machi na sikuishughulikia, maana nani angeniita? Nikaifunga kwa kamba ya kiatu. Kona ya kwanza ilipita katikati ya miguu yangu, polepole, niliitazama ikipita. Ya pili niliizuia kwa goti, ya tatu kwa kofia, na ya nne yule wa soksi alivuta soksi, nami nikalala kushoto kabla hajapiga. Tulifungwa 2-1. Nikawa nimecheza mechi moja kubwa katika miaka sita.

Ukikubali kazi hiyo, shona buckle yako mapema.

*Shangazi, nimeona mchezaji mmoja kwenye kikosi cha Uingereza cha Olimpiki, halafu mwaka mwingine yumo kikosi cha Wales. Anadanganya nani? — Msomaji, Pangani*

Hadanganyi mtu, ni Kiswahili chetu kinachowafunika. Sisi England tunaiita Uingereza, na ule muungano wao wote tunauita Uingereza vilevile. Kwenye Kombe la Dunia na Michezo ya Jumuiya ya Madola, England, Uskoti na Wales wanakuja mbalimbali. Olimpiki wanaungana. Leah Wilkinson ni wa Wales, na Tokyo alikuwa kwenye kikosi cha muungano kilichochukua shaba. Wa Ayalandi ya Kaskazini wana njia panda, muungano huo au Ayalandi: kipa Ayeisha McFerran ametoka Larne, huko kaskazini, na ndiye aliyewadakia Ayalandi hadi fainali ya 2018.

*Mwandishi, mimi nafundisha historia. Wanafunzi wangu wanabisha kwamba Zimbabwe haiwezi kuwa na dhahabu ya magongo ya wanawake. Nisaidie na maelezo ya kikosi hicho, maana nasikia kiliundwa kwa wikendi moja. — Mwalimu, Kawangware*

Mwalimu, wabishi wako wanunue soda. Moscow 1980, mara ya kwanza kabisa magongo ya wanawake kuchezwa Olimpiki, dhahabu ilikwenda Zimbabwe, nchi iliyopata uhuru Aprili mwaka uleule.

Chanzo ni mgomo. Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan, Marekani ikaongoza kususia michezo, na timu za magongo zikajitoa moja baada ya nyingine. Kenya nayo ilisusia, kwa hiyo mwaka ule sisi tulikuwa nyumbani tukisikiliza redio. Waandaaji wakabaki na mashindano yasiyo na timu, wakawaalika Zimbabwe wiki chache tu kabla ya michezo. Kikosi cha wachezaji 16 kikachaguliwa mwishoni kabisa, wikendi ya kuelekea ufunguzi. Walikuwa watu wa maofisini na wengine wa kazi za kawaida. Walizoea nyasi; huko wakakuta zulia bandia.

Timu zilikuwa sita, kila mmoja akacheza na kila mmoja, fainali haikuwepo. Zimbabwe hawakufungwa mechi hata moja, wakamaliza kwa kuwafunga Austria 4-1. Czechoslovakia fedha, Wasovieti shaba, India wa nne. Nahodha wao alikuwa Ann Grant, dada yake Duncan Fletcher wa kriketi. Ndani ya kikosi mlikuwa na mapacha, Sandra Chick na Sonia Robertson. Ukikisoma kikosi kile darasani usiruke jambo moja: wote 16 walikuwa wazungu, katika nchi iliyokuwa imetoka vitani miezi michache tu kabla. Orodha ya majina hukuambia nani alikuwa na uwanja shuleni kwake na nani hakuwa nao. Yetu pia. Soma kikosi cha wanaume wa Kenya kilichokuwa cha nne Kombe la Dunia la Barcelona 1971, uone akina Singh walivyojaa, halafu soma vya siku hizi. Utafundisha historia ya Nairobi bila kugusa kitabu.

Kuna na habari ya ng'ombe. Inasimuliwa kwamba kila mchezaji wa Zimbabwe aliahidiwa ng'ombe akirudi nyumbani, na kilichofika ni kifurushi cha nyama. Wanafunzi wako hawataisahau hiyo, na mtihani watafeli kwa kuandika hiyo tu.

*Shangazi, niliangalia timu yetu ya wanawake Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022. New Zealand walitufunga 16-0. Kipa gani anafungwa magoli 16? Kwa nini tulipeleka kikosi kile? — Shabiki, Umoja*

Kipa aliyekuwa golini siku ile, ndiye gani huyo. Wewe shabiki, umewahi kusimama kwenye kona? Mnakuwa watano nyuma ya mstari wa goli, kipa akiwa mmojawapo, wenzenu wote wamepelekwa mstari wa kati. Goli lina upana wa mita 3.66. Anayepiga ameanza kuupiga mpira wa namna ile tangu ana miaka kumi, kila siku, kwenye zulia lililolowanishwa maji ili mpira uteleze. Ukizuia kumi watu wanakuuliza ya sita iliyopita.

Kundi letu lilikuwa na Australia, New Zealand, Afrika Kusini na Uskoti. Kabla ya kusoma matokeo soma safu ya mechi za kimataifa, ile namba ndogo mbele ya jina la kila mchezaji. Luciana Aymar wa Argentina alistaafu 2014 akiwa na mechi 376. Tari wetu, Avtar Singh Sohal, beki wa Nairobi aliyecheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972, alitiwa kwenye kitabu cha rekodi za dunia kwa mechi 167, na enzi hizo ilikuwa ajabu. Wasichana wetu wengi wanamaliza ujana wao hawajafika hata robo ya hiyo ya Tari. Wamezoeana klabuni, akina Blazers ambao zamani walikuwa Telkom wamechukua ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi, lakini Afrika ukikutana na timu ya taifa kubwa mara moja kwa miaka kadhaa, unajifunzia kazi mbele ya kamera.

Kikosi kilichostahili kwenda ndicho kilichokwenda. Hasira yako ipeleke kwenye kalenda.

*Shangazi, sijui kama utachapisha hii. Nilikaa kambini wiki tatu na timu ya uteuzi. Orodha ya mwisho ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku. Jina langu halikuwemo, na kabla sijamaliza kusoma nikaondolewa kwenye kundi. Nina miaka 20. Nacheza winga ya kulia. Sijashika gongo tangu hapo. — Niliyeachwa, Dagoretti*

Binti yangu, pole. Ile ya kukuondoa kundini kabla ya kukupigia simu ni utovu wa adabu, na aliyefanya anajua. Yangu ilibandikwa mlangoni kwa gundi ya maji, karatasi imelowa na mvua, nikasimama nikijaribu kuamua kama herufi ile ni yangu au ya mwingine. Ilikuwa ya mwingine.

Sasa tuzungumze kazi. Ukitoa makipa wawili kwenye 18, kocha anabaki na nafasi 16, na hawezi kubeba winga wa kulia watatu wanaofanana. Anatafuta mtu wa kazi mbili. Angalia penalti kona: kuna anayeusukuma mpira kutoka mstari wa goli, kuna anayeuzuia juu ya duara, kuna anayeukokota kwa gongo na kuurusha. Upande wa kujilinda kuna yule wa kwanza anayetoka mbio kuukabili mpira, amevaa kinga ya uso, roho mkononi. Kila kocha ana wapigaji watatu anaowapenda. Wasukumaji wazuri ni wachache, na wakimbiaji wa kwanza ni wachache zaidi, kwa sababu inauma. Wewe ni winga, mbio unazo. Umewahi kujaribu?

Mpigie kocha mchana, si usiku, umuulize swali moja: “Nilikuwa wa ngapi kwenye nafasi yangu, na aliyechukuliwa anafanya nini nisichofanya?” Usimuulize kwa nini. Kwa nini humfanya mtu ajitetee. Akikujibu, andika. Asipokujibu, tafuta msaidizi wake, wale huwa na midomo.

Na waambie jina lako libaki kwenye akiba. Wachezaji huumia katikati ya mashindano, na hubadilishwa kwa kibali. Anayeitwa ni yule aliye fiti wiki hiyo. Wewe una majuma mangapi hujashika gongo?

Jumamosi tunaanza saa mbili asubuhi. Wasichana wangu ni wadogo kwako lakini wanahitaji mtu wa kuwasukumia mpira kwenye kona, mimi goti langu la Mombasa halipindi tena. Sukuma mia kila Jumamosi, mwezi mmoja, tuhesabu ni mingapi inafika kwenye gongo la mzuiaji bila kuruka. Kinga ya meno uje na yako. Ya kuazima sina, na hata ningekuwa nayo usingeitaka.